Risasi za .308 kwa uwindaji: greni 150, 165 au 180?

Kwenye maboksi ya risasi za .308 Winchester utakuta namba tatu zinajirudia: 150, 165 na 180. Ni greni, yaani uzito wa kichwa kinachotoka mtutuni, bila ganda wala baruti. Kwa gramu ni kama 9.7, 10.7 na 11.7. Wawindaji hubishania namba hizi utadhani kila moja ina bunduki yake. Ndani ya mita 200, tofauti ya kushuka kati ya nyepesi na nzito ni sentimita chache tu. Mkono unaotetemeka unakosesha zaidi ya hapo.

Ya kwanza kwangu ni 165. Inatoka kwa mita 820 hivi kwa sekunde, teke lake begani linavumilika, na inamfaa paa hadi nguruwe mwitu mkubwa. Ukiirekebisha darubini ipige katikati kwenye mita 180, ikifika mita 270 itakuwa imeshuka kama sentimita 20.

Ya pili ni 180. Inaanza taratibu kidogo, karibu mita 800, lakini inaitunza kasi yake njiani, haiyumbishwi sana na upepo, na huzama zaidi kwenye nyama na mfupa. Mnyama akiwa mzito, nunua hii. Ila usinunue kwa sababu umeambiwa inapenya vichaka: kijiti chembamba kinaipotosha risasi yoyote.

150 naiweka mwisho. Mita 860 kwa sekunde zinavutia kwenye boksi, lakini hupungua upesi. Halafu kwa karibu, kichwa laini chenye kasi hiyo kinaweza kupasuka kwenye mfupa wa bega kabla hakijafika kwenye mapafu. Kwa wanyama wadogo, au kwa anayeogopa teke, haina neno.

Mpangilio huu ni wa vichwa vya kawaida, vya madini ya risasi yaliyovikwa shaba. Vya shaba tupu havipasuki ovyo, kwa hiyo shuka ngazi moja: 150 ya shaba inafanya kazi ya 165 bila wasiwasi. Kumbuka tu kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu hutaka mtutu unaokizungusha haraka. Mtutu ambao mifereji yake ya ndani inakizungusha kichwa mara moja kwa kila inchi 10 hauna shida. Wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 ujaribu kwanza. Ukiona tundu kwenye karatasi limerefuka badala ya kuwa duara, kichwa kimefika kikiwa ubavu.

Nunua boksi moja la kila uzito, egemeza bunduki vizuri, piga tatutatu kwenye mita 100 na uache mtutu upoe kila baada ya tatu. Kama 180 zinakusanyika ndani ya sentimita 3 na 165 zinatawanyika 8, achana na mpangilio wangu, chukua 180. Kisha ongeza maboksi yenye namba ileile ya toleo, kabla hayajaisha dukani.