Usichague Paka kwa Macho ya Bluu

Mwagonile wadau! Leo hakuna kupima jiko la gesi wala simu. Mezani kuna boksi, ndani yake watoto watatu wa paka, ndugu wa tumbo moja, nimewaazima kwa jirani hapa Uyole, Mbeya. Wengi mmeuliza kwenye maoni: nimchukue yupi? Habari za kukamata panya naziruka, mwenye magunia ya mahindi stoo anazijua kunishinda.

Ila kwanza niseme kinachonikera. Hawa wanaoposti mtoto wa paka wa wiki 5: "Paka wa Kizungu, macho ya bluu, laki na nusu." Jamani! Paka wote wanazaliwa na macho ya bluu. Rangi yenyewe inaanza kujitokeza kwenye wiki ya 6 au ya 7, na hapo muuzaji kashakublock. Na yule mweupe pee anayebaki na bluu mpaka ukubwani, wengi wao ni viziwi. Mpigie makofi akiwa amekupa mgongo, uone kama masikio yatageuka. Huku kwetu paka unapewa bure, ukijisikia unaacha hela ya soda. Laki na nusu, bhana!

Umri: asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8, na 12 ni bora zaidi. Anayewahi kuondolewa hajafundishwa na nduguze kutouma kwa nguvu, anakuja kukufundishia wewe.

Sasa sogeza kamera, hapa ndipo penyewe. Nakaa sakafuni, kiganja wazi, simwiti mtu. Huyu wa rangi ya chungwa anakuja mwenyewe, ananusa kidole. Namnyanyua, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Namlaza chali mapajani. Anarusha miguu, anarusha... katulia. Ngoja niweke maiki karibu. Mnamsikia anavyokoroma? Nyumba yenye watoto, mchukue huyu, amemaliza mchezo.

Wa pili ana rangi tatu, kwa hiyo jike. Madume wa rangi tatu ni nadra mno. Nadondosha mfuniko wa sufuria. Paa! Karuka, kajificha nyuma ya boksi. Msikate video. Tazama kichwa... kinachungulia... anarudi, anaunusa mfuniko. Mwenyewe! Kushtuka wote wanashtuka, mimi natafuta anayerudi. Dah, nilisema wa chungwa kamaliza mchezo, sasa sina uhakika.

Wa tatu mweusi, kabana kona, anafoka. Msiniletee habari za uchawi. Huyu hakushikwashikwa mapema, na wiki ya 2 mpaka ya 7 ndipo paka anazoea watu. Anafaa kwa mtu mzima mwenye subira, anayeishi peke yake. Kwa watoto wa chekechea, atawachana mikono.

Afya sirefushi. Chana manyoya ya mgongoni juu ya pamba nyeupe iliyolowa. Hivi vipunje vyeusi mnaviona? Vinageuka vyekundu. Ni kinyesi cha viroboto, damu ya paka hiyo. Tumbo limejaa huku mgongo umekonda, fikiria minyoo. Macho yawe makavu, na chini ya mkia pawe pasafi.

Wale jamaa wa chaneli ya mbwa watasema mbwa analinda nyumba. Sawa, lakini panya wa stoo wanamcheka. Ila kama stoo umeweka sumu ya panya, paka usilete kabisa, akila panya mwenye sumu naye anaondoka. Maziwa ya ng'ombe mnyime, wengi yanawaharisha. Mpe maji, na dagaa waliochemshwa bila chumvi. Akifika miezi 3, chanjo ya kichaa cha mbwa kwa daktari wa mifugo. Jike anaweza kushika mimba na miezi 4, kwa hiyo suala la kumfunga kizazi liulizie siku hiyohiyo. Na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua: boksi, blanketi kuukuu, lisikae kwenye sementi.

Video ijayo napambanisha mchanga wa choo cha paka wa dukani na maranda ya fundi seremala, bonyezeni kengele. Wa chungwa kashapata mtu wa Mwanjelwa, msinipigie. Mweusi bado yupo, bure. Wa rangi tatu nimeshaongea na jirani, harudi kwake.