Mkanda wa kamera wa kuvua haraka: ununue upi ukiwa Dodoma

Kwenye sendoff moja Area D nilikuwa nimeinama kuweka sawa taa, nikasikia "tak!" Klipu ya plastiki upande wa kulia wa mkanda imeachia. Kamera ikaning'inia kwa upande mmoja, lenzi ikagonga mguu wa kiti. Niliporudi nyumbani nikaikagua ile klipu: vumbi limejaa ndani, jino moja limekatika. Sijui lilikatika lini.

Wengine watauliza, kwa nini usifunge mkanda moja kwa moja, yakaisha? Jaribu kupiga picha ya usiku pale Nyerere Square, kamera iko kwenye tripodi, na upepo wa Julai unavuma. Mkanda unapepea kama bendera, kamera inatikisika, picha inatoka na ukungu. Mkanda unatakiwa kutoka na kurudi ndani ya sekunde mbili, basi.

Nimetumia aina nne. Ninayoiweka juu ni ya vikete, ile ya Peak Design inayoitwa Anchor Link. Kwenye kamera unabaki na kikamba kifupi chenye kikete cha duara mwishoni, mfano wa kete ya drafti lakini kidogo. Mkanda una nyumba yake: unasukuma kikete kinaingia, "klik". Kutoa, unakibonyeza chini kwa kidole gumba huku unakivuta nje. Mwendo huo wa mara mbili ndio unaozuia kisijichomoe chenyewe. Kampuni inasema kila kimoja kinabeba zaidi ya kilo 90, wakati kamera kubwa na lenzi ndefu ya 70-200 ni kama kilo tatu tu. Lakini kilichonishawishi si kilo. Kikamba kimefumwa kwa tabaka za rangi: kikilika, rangi ya ndani inaanza kuchungulia, nawe unajua siku zake zimekwisha. Plastiki yangu haikunipa taarifa yoyote.

Mambo mawili hapa. Toleo la nne ndilo la kutafuta, kwa sababu vikamba vya matoleo ya nyuma vilikuwa vinachakaa mapema na kampuni ikavibadilisha. Na kama kamera yako ina vile vipete vya pembetatu, pitisha kidole kwenye kingo zake kwanza. Pete yenye ukingo mkali inakata kamba polepole kama msumeno.

Halafu kuna bandia, nazo ni nyingi. Kikete kinafanana kabisa, kamba ndiyo tofauti: ukiikwaruza kwa ukucha huoni rangi nyingine, ni nyeusi mpaka ndani. Hiyo haitakwambia imechoka. Ukiagiza kwa mtu Kariakoo akutumie kwa basi, mwombe picha ya kamba kwa karibu kabla hujatuma hela. Ikifika, ning'iniza dumu la maji la lita 10 kwa kikete kimoja usiku kucha, kisha kwa kingine. Mimi nalifunga kwenye nondo ya dirisha, na mke wangu ameshazoea.

Ya pili ni ya kitufe cha chuma, QD (quick detach, yaani kuvua haraka), mfumo uliotoka kwenye mikanda ya bunduki. Kishina chenye vigololi kinaingia kwenye tundu la chuma, unabonyeza kitufe kinatoka. Kwa nguvu na kasi hakuna ninayoiamini zaidi. Imeshuka nafasi moja kwa sababu unahitaji bamba la tripodi, lile linalofungwa chini ya kamera, lenye tundu lake, kwa hiyo gharama ni mbili. Pia vigololi havipendi mchanga. Baada ya siku moja ya Nane Nane Nzuguni kitufe changu kilikuwa kizito, nikakisafisha kwa mswaki mkavu kikarudi. Mafuta usipake, yanakamata vumbi.

Klipu za plastiki zimeshika nafasi ya tatu, licha ya yale ya sendoff. Op/Tech wanatengeneza nzuri, na kwa kamera ndogo ya safari, ya kwenda kutazama michoro ya Kolo kule Kondoa, zinatosha. Ila nunua zenye plastiki nene, na kila wiki zifungue uhesabu meno.

Ya mwisho ni skrubu ya kwenye tundu la tripodi chini ya kamera, ile ya mkanda wa begani unaovuka kifua kama BlackRapid. Raha ya kubeba iko hapo, sikatai. Kamera inakaa kiunoni na mkono unaifikia bila kutafuta. Shida ni kwamba ukitembea kamera inazunguka, na kuzunguka huko kunaweza kuilegeza skrubu. Unatakiwa uikaze kila mara, nani anakumbuka bibi harusi akiwa anaingia ukumbini? Tena imeshakalia tundu lile lile unalolihitaji kwa tripodi. Ukiipenda hata hivyo, weka na kamba ya akiba kutoka kwenye pete ya pembeni ya kamera hadi kwenye mkanda.