Taa Mbili za FT232RL Zinavyofichua Kosa la Siriali kwenye Raspberry Pi

Haya wadau, karibuni. Leo mezani ipo adapta ya USB kwenda siriali, chipu FT232RL, ile yenye jampa (kipande kidogo cha kuchagua volti) ya 3.3 na 5. Inaunganisha kompyuta yako na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, ili usome ujumbe wake kupitia waya. Sifa zake mnazijua, nazipita. Tukae na hizi taa mbili ndogo, TX (kutuma) na RX (kupokea), kwa sababu ndizo zinazonifanya niipende.

Lakini jampa kwanza! Iweke 3.3 kabla hujagusa Pi, maana pini za Pi hazistahimili volti 5. Na usiamini maandishi ya ubaoni: chomeka adapta peke yake, pima kwa multimita kati ya pini ya TX na GND, yaani ardhi. Laini iliyotulia isome karibu 3.3. Ikisoma 5, usiunge.

Sasa taa. Kwenye kompyuta yako fungua minicom, programu ya Linux ya kuongea na siriali, kwa kasi ya 115200 bila waya wowote kwenye pini, bonyeza herufi. Taa inayopepesa ndiyo ya kutuma. Mbona tunaitafuta na jina limeandikwa? Kwa sababu chipu hii inahesabu kutuma na kupokea kwa upande wa USB. Herufi unayoipeleka kwenye Pi, kwake ni data iliyopokelewa, kwa hiyo jina la ubaoni linaweza kukupotosha. Itambue kwa macho.

Kisha unganisha TX na RX za adapta yenyewe kwa kipande cha waya. Bonyeza tena. Angalia hapo: taa zote mbili, na herufi imerudi. Kebo, driva na adapta ni vizima. Isiporudi, ingia minicom, Ctrl-A halafu O, mipangilio ya lango la siriali, bonyeza F uzime udhibiti wa mtiririko wa hadiwea. Ukibaki umewashwa, chipu inasubiri ishara ya CTS, yaani ruhusa ya kutuma, ambayo hakuna anayeileta.

Toa hicho kipande, hamia kwenye Pi. GND iende pini 6, RX pini 8, TX pini 10. VCC, pini ya umeme, iache wazi, Pi ina umeme wake. Washa Pi na usiondoe macho kwenye taa ya kupokea.

Haiwaki kabisa? Pima pini 8 dhidi ya pini 6. Ukipata sifuri, UART, saketi ya siriali ya Pi, haijawashwa: ongeza enable_uart=1 kwenye faili la mipangilio config.txt, ambayo kwenye mfumo wa Bookworm iko ndani ya /boot/firmware. Ukipata 3.3 na taa imelala, tazama faili la cmdline.txt kama lina console=serial0,115200, mstari unaoiambia Pi itume ujumbe wake kwenye siriali, kisha kagua kama TX na RX hazikubadilishana.

Inawaka lakini skrini imejaa herufi za ovyo? Hiyo ni kasi. Linganisha baudi, yaani kasi hiyo, za pande zote mbili. Kwenye Pi 3 na 4, Bluetooth imechukua UART nzuri ya PL011, nyinyi mmeachiwa mini UART ambayo kasi yake inafuata saa ya kiini cha chipu ya Pi, na saa hiyo hubadilika. Ile enable_uart=1 ndiyo inayoituliza saa hiyo. Mimi napendelea kuongeza dtoverlay=disable-bt kwenye config.txt, PL011 irudi kwenye pini, kama Bluetooth huihitaji. Pi 5 ina kiunganishi chake cha pini tatu, hiyo ni video ijayo, kaeni karibu.

Wapenda CH340, chipu nyingine ya kazi hii, nawasikia, bei yake ni ya chini na inafanya kazi. Ila bodi nyingi hazina taa hizi, na hapo unabaki kubahatisha. Kwa FT232RL jihadharini na bandia: mwaka 2014 driva ya Windows ilizibadilisha namba ya utambulisho kuwa 0, zikaacha kutambuliwa.

Kinachonikera ni tundu la Mini-USB! Baadhi ya kebo zinazolingana nalo ni za kuchaji tu, hazina waya za data. Ukichomeka na amri ya dmesg haionyeshi ttyUSB0, jina la adapta kwenye Linux, badilisha kebo kabla ya kugusa kitu kingine.