Asubuhi tatu na mzee anayefundisha kurudisha gia, Mombo: nyota nne, na malalamiko yangu

Nilinunua Probox ya klachi kwa sababu mbili: bei, na dalali aliyeniapia kwamba gari la oto haliwezi mlima wa Lushoto na mzigo. Hilo la pili ni maneno ya madalali tu, oto zinapanda kila siku. Lakini hela ilishatoka, leseni ninayo, na klachi niliijua kwa kiwango cha shule ya udereva niliyosoma: ondoka, simama, rivasi, chukua cheti.

Kupanda hakukunisumbua. Kushuka ndiko. Ni kilomita 33 hivi kutoka Lushoto hadi Mombo, kona inakabidhi kona, mwamba huku na korongo kule, na nyuma nina matenga sita ya nyanya. Nilikuwa nashuka na gia ya nne, mguu kwenye breki kuanzia juu hadi Soni. Siku moja nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, na pedali ikawa inazama laini, kama nakanyaga mkate. Nikaegesha pembeni natetemeka. Konda wa Kosta iliyokuwa inapanda akatoa kichwa dirishani: "Mama, rudisha gia!"

Kurudisha, yaani kuja gia ya chini ili injini ilishikilie gari, nilikuwa nimejaribu. Kutoka ya nne kuja ya tatu gari lilikuwa linaruka kama limevamia tuta. Kutoka ya tatu kuja ya pili, matenga yote yalikuwa yanakuja kunisalimia mgongoni.

Fundi aliyenibadilishia pedi na mafuta ya breki ndiye aliyenipeleka kwa huyu mzee. Jina siliweki, mwenyewe hataki. Hana ofisi wala bango. Aliendesha malori, kisha mabasi, sasa amestaafu na anafundisha jambo moja tu: kurudisha gia bila gari kushtuka. Anatoza Sh 40,000 kwa asubuhi, hakubali chini ya asubuhi tatu, gari ni lako na mafuta ni yako. Hesabu basi 120,000 na tangi.

Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu na gari tupu, safi, nimelifuta hadi vumbi la dashibodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fungua buti."

Akatazama, akafunga. Akaniambia nikapakie kwanza, yeye hafundishi gari tupu, gari tupu linadanganya. Nilirudi na matenga. Matano akayafunga kamba. La sita akaliacha huru, kiasi cha kiganja kimoja kutoka mgongo wa kiti changu. "Mwalimu wako huyo," akasema. "Mimi nimepanda lifti tu."

Probox yangu haina mshale wa raundi, ule unaoonyesha injini inazunguka kasi gani. Ina spidi, ina mafuta, basi. Mimi niliona ni upungufu, mzee akafurahi, maana anataka masikio. Tukatafuta kipande kilichonyooka. Gia ya tatu, spidi 40, sikiliza. Gia ya pili, spidi ileile 40, sikiliza. Tatu, pili, tatu, pili, kama robo saa, hadi nikawa naweza kuiimba ile sauti ya pili kabla sijaigusa gia.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifungua kichwa. Kwa gari kama hili, alisema, injini ikiwa inazunguka raundi 2,000 kwa dakika kwenye ya tatu, ukija ya pili kwa mwendo uleule itataka karibu 3,000. Hiyo 1,000 lazima itoke mahali. Usipoitoa wewe kwa mguu wa kulia, matairi ndiyo yataikokota injini ipande. Hapo klachi inasuguana, gari linainamisha pua, mzigo unakuja mbele. Na Probox nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele, hayohayo yanayokata kona. Yashtue namna hiyo siku ya mvua, usukani unabaki pambo.

Kwa hiyo: klachi chini, mkono unahamisha gia, na klachi ikiwa bado chini unapiga resi moja fupi. Sauti ikifika pale ulipoizoea, achia klachi. Kusoma ni rahisi. Mimi nilikuwa napiga resi, nafikiri, ndipo naachia klachi, na sauti imeshashuka zamani. Tenga, du! Mgongoni. "Unamimina chai, unaiacha ipoe, ndipo unamkaribisha mgeni," mzee akafoka. Nilihesabu hadi kumi na moja nikaacha kuhesabu. Kama saa tatu hivi nilirudisha moja ambayo sikuisikia. Nilifikiri gia haijaingia. Nikakanyaga mafuta kidogo kuhakikisha, gari likaitika. Mzee hakusema kitu, akawasha sigara. (Ndiyo, anavuta ndani ya gari lako. Fungua dirisha.)

Sasa malalamiko. Asubuhi ya pili nzima ilikwenda kwenye klachi mbili: unakanyaga klachi, unatoa gia hadi nyutro, unaachia klachi, unapiga resi, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Hiyo ni elimu ya malori aliyoendesha ujanani. Magari yetu haya yana vile vipete vya shaba ndani ya gia boksi vinavyosawazisha mwendo kabla meno hayajakutana, kwa hiyo klachi moja inatosha. Nilimwambia. Akasema vipete vinakwisha. Nilikasirika, nikaona Sh 40,000 zangu zinapanda moshi pamoja na sigara yake. Kwa haki niongeze kwamba gia yangu ya pili huwa inasaga asubuhi gari likiwa la baridi, na klachi mbili imeuondoa mlio ule. Lakini nusu saa ingetosha! Asubuhi nzima hapana.

Siku ya tatu tulianzia Lushoto penyewe, mzigo kamili, kushuka. Hapa ndipo penye thamani. Kitu cha kwanza alinivua viatu. Nilivaa kandambili na dera, akauliza kama nakwenda kuoga. Nimenunua raba za soli nyembamba, na dera nalikunja chini ya paja. Alinionyesha jinsi ya kushika breki kwa mbele ya mguu wa kulia huku ubavu wa mguu uleule unagusa mafuta, lakini akasema nisijisumbue nayo sana, ni ya kona inayokujia ghafla. Mpango wake ni huu: punguza mwendo kwa breki kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka rudisha gia kwa resi, halafu ingia konani na injini ikikushikilia. Mguu wa breki unapumzika, breki zinapoa.

Nilimuuliza kuhusu madereva wanaoshuka frii, yaani gia ikiwa nyutro, ili kubana mafuta. Alicheka hadi akakohoa. Magari haya ya sindano za umeme yanakata mafuta yenyewe ukiwa kwenye gia na mguu umeondoka. Ukiweka frii, injini inataka mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka frii anachoma mafuta na breki kwa pamoja.

Tulipofika Soni nilisimama nikashika rimu ya mbele. Ilikuwa ya joto, mkono unavumilia. Ile siku ya harufu hata kusogeza mkono nisingeweza. Kutoka Soni hadi kwenye mikonge ya Mombo tenga liligusa kiti mara mbili, na moja ilikuwa ni kosa la mbuzi barabarani.

Ambaye simshauri aende: anayejifunza gari kwa mara ya kwanza. Mzee hana subira na mtu anayezimisha gari, na kwa kuwa gari ni lako, upande wake hakuna pedali za akiba. Ana hendibreki na mdomo wake tu. Risiti usimuulize. Pia simu ikiita anapokea na anaongea hadi amalize, uwe konani au usiwe.

Nashuka mara tatu kwa wiki sasa, na pedi alizonifungia yule fundi bado ndizo hizo. Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye asubuhi ya pili. Ukienda, beba mzigo wako mwenyewe, na lile tenga la mgongoni usiweke nyanya zilizoiva. Zilizopasuka siku yangu ya kwanza nilizipeleka nyumbani tukala mchuzi siku mbili.