Boksi la Televisheni Linaloamini Kwamba Ni Mwaka 1970

Kila umeme unapokatika nyumbani kwetu, boksi nililolinunua ili televisheni yangu ya kawaida ipate intaneti huwaka tena likiwa na imani thabiti kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Halitanii. Huandika hivyo kwenye kona ya kioo, na kwa imani hiyo hukataa kufungua YouTube, hukataa programu za filamu, hukataa kila kitu isipokuwa picha ya milima yenye theluji ambayo hakuna aliyeiomba. Mwaka 1970 hapakuwa na kituo cha televisheni Tanzania Bara wala Zanzibar, kwa hiyo nalipatia haki yake: kama kweli tuko mwaka huo, basi hakuna cha kutazama.

Nitangulize sifa kabla hasira haijanipanda, kwa sababu sifa zipo. Televisheni yangu ni ya bapa, inchi 32, ya wakati ambapo watu wa Dar es Salaam tulikuwa bado tunazoea ving'amuzi baada ya matangazo ya analojia kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kioo chake hakina mstari wala doa, spika zake zinasikika hadi jikoni, na ina matundu mawili ya HDMI, yale ya kuchomekea vifaa vya picha, ambayo moja limekaliwa na king'amuzi. Wanangu walikuwa wamenishika masikio kwamba niiuze kwa bei ya kutupa ninunue ya kisasa yenye intaneti ndani yake. Nilikataa, na hadi leo nakataa. Boksi lilichomekwa kwenye tundu lililobaki, likapewa umeme na nenosiri la Wi-Fi, na kabla chai haijapoa mama yangu mzazi alikuwa anasikiliza taarabu za zamani ambazo alidhani zimekufa pamoja na kaseti zake. Majuma yale ya mwanzo niliwasifia majirani boksi hili kwa maneno ambayo sasa wananikumbusha kila tukikutana.

Wanaoogopa bando wasikie tu hili. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida hula kiasi cha GB 1 kwa saa, picha safi ya HD hufika GB 3, na ile ya 4K, iliyo safi kuliko hizo zote, hufika GB 7. Teua ubora wa chini kwenye mipangilio na utalala usingizi. Neno 4K lililochapishwa kwa rangi ya dhahabu kwenye kasha la boksi halikusaidii chochote ukiwa na kioo cha umri wa kwangu, na sijui kwa nini wauzaji hulitamka kwa unyenyekevu kama wanasoma dua.

Sasa nije kwenye lenyewe. Jioni moja, si zamani sana, mama alikuwa katikati ya sehemu ya mwisho ya tamthilia yake, LUKU ikaisha. Tukaingiza umeme, taa zikarudi, feni ikaanza kuzunguka, ruta ikawasha taa zake zote za kijani, na boksi likaamka. Likaonyesha alama ya Wi-Fi imejaa. Likaandika papo hapo kwamba hakuna muunganisho. Simu yangu, kwa Wi-Fi hiyohiyo na katika chumba hichohicho, ilikuwa inafungua video bila kusitasita. Nikazima boksi na kuliwasha. Nikazima ruta na kuiwasha. Mama akauliza kama yule binti ameolewa au hajaolewa, nami sikuwa na jibu.

Kijana wa jirani, ambaye ni fundi wa kompyuta, ndiye aliyeona tarehe kwenye kona. Alinieleza kwa heshima na bila haraka, na maelezo yake nimeyaelewa hivi. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara kwenye ubao wake, nayo huiendesha saa hata umeme ukiwa umezimwa. Boksi langu halina betri hiyo. Umeme ukikatika, saa yake hufa, na ukirudi huanza kuhesabu kutoka mahali ambapo mifumo mingi ya kompyuta huanzia, yaani usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, ambao kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Halafu linapojaribu kuingia YouTube, seva ya upande wa pili hulionyesha cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama pasipoti. Boksi huangalia cheti kilichoanza kutumika mwaka huu, huangalia saa yake inayosema 1970, huona kwamba cheti hicho bado hakijaanza kazi, na hufunga mlango. Kwa hiyo intaneti ipo, seva ipo, na bando lipo. Kilichokosekana ni betri ambayo hata saa ya ukutani ya bei rahisi haikosi.

Kwa kawaida kifaa cha namna hii kikiwaka huiuliza saa kutoka kwenye seva maalumu ya intaneti na kujirekebisha chenyewe. Hiki changu kimetengenezwa kuuliza seva ambayo imeacha kujibu. Kwa hiyo kazi ya kurekebisha saa ikawa yangu. Unaingia kwenye mipangilio, unazima tarehe ya kujiendesha, kisha unaupandisha mwaka kwa rimoti, mbonyezo mmoja kwa mwaka mmoja, kwa sababu hakuna mahali pa kuandika tarakimu. Nimejifunza historia upya. Nabonyeza napita 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. Nabonyeza napita 1978, Vita vya Kagera vinaanza. Nafika 1992, vyama vingi vinarudi. Nafika 2012, analojia inazimwa, na hapo kidole kinateleza kwenye kitufe cha kurudi nyuma, ukurasa unajifunga bila kuhifadhi, nami niko tena 1970 huku mama akiniambia, kwa upole ambao unaumiza kuliko matusi, kwamba king'amuzi hakina tabia hizo.

Nikalirudisha dukani. Duka lenyewe liko katika mtaa mmoja wa Kariakoo na jina lake nitalihifadhi, lakini mapokezi siyahifadhi hata kidogo. Siku ya kununua, kijana yule alinipokea kutoka barabarani. “Shikamoo mama, karibu mama yangu, karibu upate kiti.” Alinifutia kiti kwa mkono wake. Siku ya kurudi, boksi likiwa kwenye mfuko na risiti mkononi, nilisimama mbele yake na hakuna shikamoo iliyotoka. Macho yalibaki kwenye simu. Nikaona labda hajaniona, nikamsalimia mimi, mtu wa umri wangu, “Hujambo mwanangu.” Akaitikia kwa pua. Nikaeleza habari ya umeme, ya saa na ya mwaka 1970, nami nilieleza vizuri kwa sababu nilikuwa nimefundishwa vizuri. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wateja wengine:

“Mama, tatizo ni umeme wenu huko. Sisi hapa tunauza boksi, hatuuzi umeme.”

Wawili watatu wakacheka. Nikamwambia kwamba umeme hukatika nyumba yoyote, na friji yangu haijawahi kuamini kwamba ni mwaka 1970. Akasema basi televisheni ndiyo imechoka, ninunue mpya, wanazo. Akanyoosha kidole, si kwenye televisheni hizo, bali kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma yake: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipokataa kuondoka, akanipa dawa yake ya mwisho, “Lirisiti tu, litakaa sawa,” yaani nifute kila kitu lianze upya kama lilivyotoka kiwandani, na akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Huyo alipewa shikamoo yake yote, na kiti.

Nimewahi kuuziwa vitu vibovu na nikasahau. Huyu siwezi kumsahau, na najua fika kwamba kinachonikera si fedha tu. Mtu anayejua kuniamkia wakati mkono wangu uko kwenye pochi, na kusahau wakati mkono wangu umeshika risiti yake, amekwisha nieleza thamani ya heshima yake bila mimi kuuliza.

Tukalirisiti kama alivyoagiza. Likafuta akaunti zote, likafuta nenosiri la Wi-Fi, likafuta orodha ya taarabu ambayo mama alikuwa ameikusanya kwa subira, kisha likawaka mbichi kabisa, likiwa bado mwaka 1970. Kuandika upya barua pepe na nenosiri refu kwa vishale vya rimoti, herufi baada ya herufi, ni adhabu ambayo ningependa kijana yule aionje walau mara moja, mbele ya wateja.

Yule fundi wa jirani alinisimulia jambo lililoniongezea hasira badala ya kunipoza. Mwezi Machi 2025, vifaa vya Chromecast vya kizazi cha pili, ambavyo Google huvitengeneza kwa kazi kama ya boksi langu, viliacha kufanya kazi duniani kote kwa sababu inayofanana na hii yangu, ila kwa upande wa pili: cheti kilichokuwa ndani ya vifaa vyenyewe kilikuwa kimefika tarehe yake ya mwisho. Google walikiri, wakawaambia watu wasivirisiti vifaa vyao, na baada ya siku chache wakatuma sasisho la kuvirekebisha. Hivyo basi hata mkubwa wa biashara hii hujikwaa kwenye tarehe. Tofauti ni kwamba alikuwapo mtu wa kujibu, na jibu lake la kwanza lilikuwa usirisiti, wakati jibu pekee nililopata Kariakoo ni lirisiti tu.

Kuanzia hapo nilianza kulitazama boksi kwa jicho la mashaka, na nilivyozidi kulitazama ndivyo nilivyozidi kukasirika. Android iliyomo ndani, yaani mfumo unaoliendesha, si ile iliyotengenezwa kwa televisheni. Ni ya simu iliyotandazwa kwenye kioo kikubwa, ndiyo maana rimoti ina kitufe cha kuleta mshale wa kompyuta, kwa kuwa programu nyingine hazijui vishale vya rimoti ni kitu gani. Netflix inafunguka lakini picha haivuki ubora wa chini, kwa sababu kifaa hakina kibali cha kupokea picha zao safi. Kuna duka la pili la programu lenye jina geni, nalo lilitaka nizime Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu hasidi, kabla ya kuendelea. Sikuizima. FBI wa Marekani walitoa tahadhari mwezi Juni 2025 kuhusu programu hasidi iitwayo BADBOX 2.0, ambayo imekutwa kwenye maboksi ya televisheni yasiyo na uthibitisho, mengine yakiwa yameambukizwa kabla hayajamfikia mnunuzi, na moja ya dalili walizotaja ni hiyohiyo ya kifaa kutaka uzime Play Protect. Sisemi langu limeambukizwa. Nasema usiku ule nilichomoa waya wake na nikaandika rasimu ya tathmini hii ikiwa na maneno makali zaidi ya haya, yakiwamo mawili ambayo mama aliniomba niyafute.

Ila kuna la kusema upande wa pili, nami nikilificha nitakuwa sijatenda haki. Fundi aliunganisha kompyuta yake na boksi, akaandika amri fupi, akabadilisha ile seva bubu ya saa akaweka inayojibu. Hakuchukua hata nusu saa, na alikataa malipo isipokuwa chai na chapati. Tangu siku hiyo umeme ukikatika na kurudi, boksi huamka mwaka 1970, hushangaa kidogo, kisha huruka lenyewe hadi leo. Ruta ikichelewa kuamka hukwama tena, lakini sasa najua kusubiri. Tumefuta pia lile duka geni, boksi nimelihamishia kwenye mtandao wa wageni wa ruta, mbali na vifaa vyetu vingine, na benki yangu naifungulia kwenye simu kwa bando la simu. Linafanya kazi. Inaniuma kuandika hivyo, lakini linafanya kazi, na televisheni yangu ya inchi 32 leo inaonyesha kila kinachoonyeshwa na ile ya kisasa ya jirani, isipokuwa majivuno.

Kwa anayekwenda kununua, dai moja tu kabla hujatoa fedha. Mwambie muuzaji aliwashe boksi hapo dukani likiwa na intaneti, alichomoe kwenye umeme kabisa, mhesabu dakika kadhaa, alichomeke tena, kisha mfungue YouTube. Likifunguka lenyewe, lipa. Likikuonyesha mwaka 1970 na kung'ang'ania hapo, au muuzaji akikuambia hana muda wa mambo hayo, duka la jirani liko hatua chache. Angalia pia kwenye Play Store yake, sehemu ya kuhusu, kama imeandikwa kwamba kifaa kimethibitishwa na Play Protect. Langu limeandikwa hakijathibitishwa, na hilo ningetaka kulijua kabla sijafutiwa kiti.

Nilikuwa nimeamua kulipatia boksi nyota moja. Baada ya kazi ya fundi nikafika tatu. Nimeandika habari ya shikamoo, nimerudi mbili. Mama, ambaye ndiye mtumiaji mkuu, anasema nne, na anataka la pili kwa ajili ya chumbani kwake. Nitamnunulia, lenye uthibitisho, hata kama bei yake ni mara mbili, na nitalinunua popote palipo na mtu anayesalimia wanaorudisha bidhaa.