Kaptula ya sponji ndani, suruali ya fundi nje: uzoefu wangu wa mavazi ya baiskeli nikiwa mstaafu

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili: kama umevuka miaka 60 na unaendesha baiskeli Dar es Salaam, hela yako ya nguo iweke kwenye kaptula ya ndani yenye sponji nzuri ya kukalia, halafu hayo mengine yote mpelekee fundi cherehani wa mtaani kwako. Mimi ndivyo nilivyofanya, na tangu masika yaliyopita sijavaa kitu kingine nikipanda baiskeli.

Nina miaka 64, nilistaafu bandarini, naishi Mbezi Beach. Presha ndiyo iliyonipandisha tena kwenye baiskeli. Jumamosi alfajiri, swala ikishaswaliwa, kundi letu linashika barabara ya zamani ya Bagamoyo, tunapita Kawe na Mikocheni, tunatokea Coco Beach na kuvuka Daraja la Tanzanite kwenda mjini, kisha tunageuza kabla jua halijachachamaa. Wengi ni vijana wa rika la wanangu. Sare yao ni jezi inayobana mwili mzima na kaptula nyeusi ya likra yenye mikanda ya mabegani. Inawapendeza, na kazi yake inafanya. Uzi wa likra, ule unaovutika na kurudi, aliubuni mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1958. Kabla ya hapo waendeshaji wa mashindano walivaa sufu, na sehemu ya kukalia wakashonewa kipande cha ngozi laini. Likra ilipokuja nguo zikawa nyepesi, upepo ukapungua kushika, na jasho likawa linakauka upesi. Sina ugomvi nayo hata kidogo.

Ninachokataa ni ile dhana kwamba asiyeivaa si mwendesha baiskeli kamili. Siku nilipokabidhiwa sare ya kundi, mke wangu aliinyanyua, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza taratibu, "Baba, na hapo msikitini utapita hivi?" Swali la haki kabisa. Kwetu Waislamu mwanaume hujisitiri kati ya kitovu na magoti, na nguo inayochora kila kitu haijasitiri hata kama imefunika. Tena hata ukiweka dini kando, utu uzima una adabu zake. Kijana wa bodaboda anayeniamkia shikamoo pale kijiweni kila asubuhi hajui aangalie wapi nikimpita nimebanwa namna ile. Sipendi kumweka katika hali hiyo, wala kujiweka mwenyewe.

Lakini vilevile sikubaliani na wazee wenzangu wanaopanda na fulana ya pamba na suruali ya trakisuti ya mtumba kutoka Karume, kwa hoja kwamba mzee haangaliwi, avae chochote. Pamba inanywa jasho na hailiachii. Kwa unyevu wa hewa ya Pwani, ukifika Mikocheni fulana imeshalowa, imekugandia mgongoni, na upepo wa bahari ukikupiga unapata baridi ya kukohoza. Trakisuti ndiyo balaa zaidi: mishono minne inakutana pale kwenye msamba, donge gumu, na ndipo hasa unapokalia. Ngozi ya mtu mzima inazidi kuwa nyembamba kadiri miaka inavyokwenda, na haiponi haraka. Mchubuko ambao kijana anausahau keshokutwa, sisi unatuweka nje ya siti kwa siku nyingi.

Basi nikaanzia ndani. Kaptula ya sponji niliinunua Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya baiskeli, kwa shilingi 55,000. Kulikuwa na za 20,000 pia, na kwa macho zilikuwa zinafanana. Tofauti utaijua kwa kidole gumba. Bonyeza sponji kwa nguvu halafu achia: nzuri inapinga kidole na inarudi taratibu, mbovu inabonyea hadi unagusa kidole cha upande wa pili. Usitafute iliyo nene kuliko zote, maana sponji nene na laini inakunjamana chini yako na kuanza kusugua. Unachotaka ni upana kwa nyuma, pale inapokaa mifupa miwili ya makalio inayobeba uzito wote, na mfereji katikati ili damu ipite na ganzi isikushike. Kipitishe kiganja juu yake: mshono wowote unaokatiza katikati ni sababu tosha ya kuirudisha rafuni. Akina mama watafute iliyokatwa kwa ajili yao, kwa sababu kwa kawaida mifupa yao ya kukalia imeachana zaidi kuliko yetu.

Na chini yake usivae chupi. Wazee wengi wanashtuka nikiwaambia hili, lakini kaptula ile imetengenezwa ikae moja kwa moja kwenye ngozi. Ukivaa chupi unarudisha palepale mishono na pamba uliyokuwa unaikimbia.

Kuhusu mikanda ya mabegani, vijana wataisifu kwamba haikati tumbo na haishuki. Ni kweli. Ila kuna jambo ambalo bado halijawafika. Mwanaume wa umri wetu, hasa mwenye matatizo ya tezi dume, haja ndogo inamwita mara kwa mara na haimpi muda. Mwenye mikanda inambidi afungue jezi au ahangaike na lile vazi la mfano wa ovaroli pembeni mwa barabara, watu wanapita. Mimi nilichagua ya lastiki ya kiunoni, lakini lastiki pana kama kiganja, iliyolala, si kamba nyembamba. Nyembamba inajikunja chini ya kitambi ukiinama na inaacha alama nyekundu. Hapa usione haya kuchukua saizi kubwa. Mashati yangu ni L, kaptula hii ni XXL, kwa kuwa nyingi zinazoingia sokoni zimekatwa kwa miili myembamba.

Sasa nje. Hapa ndipo fundi wangu wa Tegeta anapostahili sifa zote. Nilimpelekea kitambaa cha jezi chenye vitundu vidogo kwa ajili ya juu, na nailoni nyepesi inayovutika kidogo kwa ajili ya suruali. Nilimpelekea na baiskeli. Mwanzoni alishangaa, "Mzee wangu, hii nayo tunaishonea?" Nikaiegemeza ukutani pale kibarazani, nikapanda, nikashika usukani kama niko barabarani, nikamwomba anipime hivyohivyo. Alipitisha futi kutoka shingoni hadi kiunoni, akanyamaza, akanishusha, akapima tena nimesimama. Nikiwa nimeinama, mgongo ulikuwa umeongezeka urefu kwa upana wa kiganja kizima, na tumbo kwa mbele limepungua. Toka hapo hakuhitaji kuelezwa. Aliinua pindo la mbele ili kitambaa kisijikusanye tumboni, akashusha la nyuma mpaka likafunika makalio hata nikiinama. Shati la kawaida linafanya kinyume chake: mbele linalegea, nyuma linapanda na kuacha kiuno wazi kwa kila aliye nyuma yako.

Kwenye suruali kazi yote iko msambani. Badala ya mishono minne kukutana, aliweka kipande chenye umbo la almasi, mishono ikasogea pembeni kwenye mapaja. Mguu unapanda na kushuka bila kuvutwa, na donge hakuna. Alipunguza pia ulegevu wa sehemu hiyo, na hili msisitizie fundi wako. Suruali ikining'inia msambani, ukisimama kwenye pedali kupanda kilima inanasa pua ya siti, na ukirudi kukaa unaweza kuanguka. Chini aliibana kifundoni kwa zipu fupi, kwa sababu pindo lililolegea likiingia kwenye mnyororo litachanika, na wewe utakuwa chini. Kwenye paja pana nafasi ya kutosha, umbo halichoreki, na sponji haionekani. Nikifika mjini naweza kukaa kwenye mgahawa nikanywa chai na watu wa heshima zao, au nikaingia dukani, bila kutafuta cha kujifunika.

Mifuko mitatu ya mgongoni tumeibakiza kama ya jezi za mbio, kwa kuwa ni ubunifu mzuri sana. Simu, pampu ndogo na ndizi mbili vinakaa bila kucheza. Mfuko wa katikati fundi aliuwekea kifuniko chenye zipu, ndimo ninamoweka dawa na kitambulisho.

Rangi nilichagua kwa makusudi, na hapa tulivutana na wenzangu kijiweni. Wapo wanaoona mzee avae kijivu au bluu ya giza, eti rangi kali ni za watoto. Barabara ya Bagamoyo haijali heshima ya namna hiyo. Jezi yangu ni njano ya kung'aa, mabega ya machungwa. Rangi hizi zinafanya kazi kukiwa na mwanga wa jua. Alfajiri hazisaidii sana, kwa hiyo fundi alishona utepe wa kurudisha mwanga. Ameuweka mgongoni na, muhimu zaidi, kuzunguka vifundo vya miguu. Dereva wa daladala akiona mistari miwili inapanda na kushuka mbele ya taa zake, anatambua mara moja kwamba huyu ni mtu na anaendesha baiskeli. Mstari uliotulia mgongoni unaweza kudhaniwa kuwa kibao cha barabarani.

Wanaodai rangi kali zina umri wake huwa nawatajia Mfaransa Robert Marchand. Januari 2017, akiwa na miaka 105, alizunguka uwanja wa baiskeli karibu na Paris kwa saa nzima na kumaliza kilomita 22.547. Alikuwa amevaa njano na zambarau, na uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Nilipoiona picha yake nilifurahi moyoni, kwa sababu alionekana mtu mzima na mwanamichezo kwa pamoja, hakuna upande uliomeza mwenzake. Ndivyo ninavyotaka sisi tuonekane hapa kwetu. Mtoto akimwona babu yake anatoka hivi, ajue kwamba baiskeli si ya muuza mkaa na kijana wa mashindano peke yao.

Kasoro zipo. Juu ya Daraja la Tanzanite, ambalo lina urefu wa takriban kilomita moja na limekaa wazi baharini, upepo wa kusi unaikamata jezi pana na kuipigapiga mbavuni kama tanga. Vijana ndani ya likra wanateleza, mimi nasukuma. Kwa mwendo wangu hasara si kubwa, ila ipo, na anayewania muda aelewe hivyo. Nguo mbili chini, kaptula na suruali, zina joto zaidi kuliko moja, na kwenye foleni ya Kawe jua likishatoka unalisikia hasa mapajani. Pia kitambaa cha jezi cha bei ya chini kinashika harufu. Cha kwanza nilichonunua kilibaki na harufu hata baada ya kufuliwa, nikabadilisha na cha bei juu kidogo. Mvua ya masika nayo inapita moja kwa moja, suruali hii haikingi maji na sikutarajia ikinge.

Kwa gharama, vitambaa na ufundi wa jezi pamoja na suruali vilinifikisha kama shilingi 70,000, ukijumlisha na kaptula ya ndani ni 125,000 hivi. Jezi na kaptula za likra zenye jina, zikiagizwa nje, zinapita hapo kwa mbali, halafu hazijakatwa kwa tumbo wala mgongo wako.

Ufuaji nao usiudharau. Kaptula ya sponji ifuliwe siku hiyohiyo, igeuzwe ndani nje, maji ya kawaida na sabuni ya kawaida. Usitumie maji ya moto wala dawa ya kulainisha nguo, kwani inaharibu uwezo wa kitambaa kutoa jasho. Usiikamue kwa kuinyonga, ikandamize ndani ya taulo. Uianike kivulini penye upepo, maana jua letu la mchana linakausha lastiki mpaka inakatika. Pasi isiisogelee kabisa. Na kama unapaka kitu kuzuia kuchubuka, tafuta krimu inayotoka kwa maji. Mafuta mazito ya mgando yanaganda kwenye sponji na hayafuliki kirahisi. Ukiweza nunua mbili, ili usishawishike kuvaa ambayo haijakauka. Majipu ya sehemu zile yanaanzia hapo.

Wazee wawili wa kundi wameshapelekwa Tegeta wakapimwa juu ya baiskeli zao, na kiongozi wetu amekubali nembo ya kundi ichapwe kwenye jezi za mkato huu pia, ili atakayetaka kubana abane na atakayetaka nafasi aipate, wote tukiwa sare moja. Seti yangu ya pili iko kwa fundi sasa hivi, ya mikono mirefu, kwa ajili ya jua la kaskazi.