Otoklevu au oveni: ipi iue spora kwenye zahanati yako?

Kuchemsha vyombo tu hakutoshi kuua spora, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu. Inatakiwa otoklevu (chungu kinachotumia mvuke wenye shinikizo) au oveni ya hewa kavu ya moto. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na spora za pepopunda zinaweza kuvumilia hata 100.

Kwa muda, otoklevu inashinda waziwazi: nyuzi 121 kwa dakika 15, ilhali oveni inataka 160 kwa saa 2. Mvuke ukigusa mkasi wa baridi hugeuka maji na kuuachia joto la karibu kilojuli 2,200 kwa kila kilo ya mvuke, na unyevu huharakisha kuharibika kwa protini za spora. Hewa kavu haina hazina hiyo. Ila angalia geji ya shinikizo ya otoklevu: kwa mwinuko wetu, paundi 15 kwa inchi ya mraba hazikufikishi 121, panda hadi 17 hivi, na hewa yote itoke kwanza.

Matunzo? Oveni haina mpira wa mfuniko wa kubadilisha, wala haitii visu kutu. Lakini umeme ukikatika katikati, saa zinaanza upya. Zahanati ya Ukerewe yenye jiko la gesi ichukue otoklevu. Mwenye umeme wa uhakika na vyombo vya kioo, poda au mafuta, oveni inamfaa zaidi. Bandeji na nguo ni za mvuke.